Mkono Uokotao Jiwe



Mtu akiinama kuokota jiwe, uangalie mkono wake. Mawe huokotwa kwa nia mbili. Yuko aokotaye ili atupe, na yuko aokotaye ili atengeneze. Jiwe ni lile lile, na mgongo huinama vile vile. Tofauti imo moyoni, nayo haionekani mpaka mkono uinuke. Juma hili twataka kunena juu ya mikono hiyo miwili, kwa kuwa kila mmoja wetu anayo yote miwili, na kila siku huinama. Lakini tutaanzia mbali kidogo, kwenye kingo za mto.

Mto Umba hutoka katika misitu ya milima ya Usambara ya Magharibi, hushuka katika nyika kavu ya kaskazini mwa mkoa wa Tanga, huvuka mpaka na kuingia Kenya, hata kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Wakati wa kiangazi waweza kuudharau. Wakati wa masika hauna mzaha: huja mwekundu kwa udongo, huku ukiviringisha mawe chini ya maji. Tangu miaka ya 1960 bonde la mto huo limejulikana duniani kwa sababu ya vito vyake, yaani yakuti za rangi nyingi na garneti.

Mwandishi wa maneno haya, alipokuwa padre kijana, aliishi katika misioni moja isiyokuwa mbali na nyika hiyo, pamoja na Bruda mzee, fundi wa karakana. Bruda huyo hakutafuta vito vya kuuza. Alipenda mawe ya kawaida, yale ya kwatzi meupe na ya kijivu, na mengine yenye mistari, ambayo watoto huyapiga teke njiani. Aliyaokota mtoni, akayang'arisha, akawapa watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Mara kadhaa alichukua vijana wa parokia siku ya Jumamosi, kwa ruhusa ya wazee wa kijiji, akawafundisha namna ya kutafuta. Nami nilikwenda nao, nikidhani nimekwenda kuwasimamia vijana. Kumbe nilikwenda shuleni.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni saa ya kwenda. Alituamsha alfajiri, siku chache baada ya mafuriko kupungua, kwa sababu mafuriko hugeuza changarawe na kufunua yaliyofichika mwaka mzima. Jua lilipokuwa bado chini, alituamuru tutembee tukilielekea, wala tusilipe mgongo. Nuru ipitayo ndani ya jiwe kutoka upande wa pili ndiyo imwonyeshayo mtafutaji lililomo. Alipaye jua kisogo huona juu ya mawe yote kivuli chake mwenyewe.

La pili ni mahali. Penye pindo la mto, maji ya upande wa nje hukimbia na kuula ukingo. Maji ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuutua mzigo wake. Hapo ndipo pa kutafuta, na nyuma ya majabali, na katika nyufa za mwamba chini ya mchanga. Garneti ina uzito karibu mara nne ya maji ya ujazo ule ule, hali kwatzi haifiki hata mara tatu. Kwa hiyo lililo zito hutangulia kuzama, nalo hukaa chini kabisa, penye giza na matope. Mtafutaji asiyependa kuchafua mikono hurudi na mawe mepesi.

La tatu ni kujaribu. Jiwe likwaruzwalo kwa msumari ni laini mno; ukilitia katika kazi litasagika lote liwe uji. Jiwe lenye vitundu kama mkate halikubali kung'aa. Na jiwe lenye ufa? Tulidhani litatupwa. Bruda alilichukua, akaligonga kwa nyundo penye ufa hata likagawanyika, akatia vipande vyote viwili mfukoni. Alisema kwamba ufa ulioachwa utapasuka baadaye katikati ya kazi, na vipande vyake vikali vitawaumiza wenzake. Lakini ufa uliofunguliwa mapema si ufa tena, ni uso mwingine wa jiwe. Nimewaza maneno hayo mara nyingi nikiwa nimeketi katika kiti cha kitubio.

La nne ndilo alilolirudia kuliko yote: tusihukumu jiwe likiwa kavu. Jiwe la mtoni likikauka juani hufifia, huwa kama jivu. Sababu yake ni kwamba uso wake una mikwaruzo midogo isiyohesabika, nayo huitawanya nuru kabla haijaingia ndani. Ulitie maji, maji yataijaza mikwaruzo ile, na mara rangi hutokea. Lakini tulipoyaweka mawe yetu juu ya mwamba, baada ya dakika chache rangi zilitoweka tena, vijana wakasikitika. Bruda akawaambia kwamba maji yamewaonyesha tu kile kitakachokuja. Kazi ya kukitimiza bado.

Si haba kukumbusha hapa, kwa faida ya vijana wetu, kwamba madini ya nchi ni mali ya taifa, na mtu hachimbi vito bila leseni. Tena sehemu ya nyika ya Umba imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyotangazwa mwaka 2008, na mali ya hifadhi haiguswi. Wala hapana kito kilicho na thamani ya mtoto aliyefukiwa na ukingo wa mto ulioporomoka. Aokotaye na aokote yaliyo juu, kwa kiasi cha kiganja chake, na ukingo auache kama alivyoukuta.

Sasa tuingie karakanani. Bruda alikuwa na kipipa kidogo chenye mpira ndani, kilicholala juu ya vyuma viwili na kuzungushwa na mota ndogo ya umeme iliyotolewa katika mashine kuukuu. Ndani yake alitia mawe, maji, na unga mgumu wa kusagia uitwao silikoni kabaidi. Kipipa kilizunguka usiku na mchana, na sauti yake ilisikika hata katika vyumba vyetu, kama mvua isiyokatika. Wiki ya kwanza unga ni wa chenga kubwa, nao huondoa pembe za jiwe. Wiki ya pili ni wa chenga za kadiri. Wiki ya tatu ni laini kama unga wa ngano. Wiki ya nne ni ule wa kung'arishia. Mwezi mzima, ndugu zangu, kwa jiwe dogo lisilojaa kiganja. Na mara nyingi mwezi hautoshi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilipomwambia kwamba ana subira nyingi, alicheka, akasema kwamba mto umefanya kazi hiyo miaka elfu nyingi, yeye ameongeza mwezi mmoja tu.

Kazi hiyo ina kanuni zake, nazo zinastahili kusikilizwa na kila Mkristu.

Kipipa kisijae kupita kiasi, maana mawe hayatasogea. Wala kisiwe kitupu, maana mawe machache huanguka kwa kishindo na kuvunjana. Mawe ndiyo yang'arishanayo. Unga pekee hauwezi kitu ikiwa hapana jiwe la kuusukuma juu ya jiwe jingine. Jiwe lililotiwa peke yake litatoka limepasuka. Ndiyo maana Kanisa halikuwahi kufundisha kwamba mtu huokoka akiwa amejifungia nyumbani kwake mbali na ndugu zake. Wako waamini wakwepao Jumuiya kwa sababu mle yumo jirani mwenye maneno makali, na mzee mrefu wa sala, na mama asiyelipa deni. Lakini ni jirani huyo huyo Mungu amtumiaye kuziondoa pembe zetu, nasi zake.

Tena, kati ya wiki na wiki kila kitu huoshwa: mawe, kipipa, kifuniko, hata kucha za fundi. Punje moja tu ya unga wa wiki ya kwanza ikisalia hata wiki ya nne, itayakwaruza mawe yote, na kazi ya mwezi itaharibika. Bruda hakumwachia mtu mwingine kazi ya kuosha. Wangapi kati yetu twaanza Kwaresima mpya huku punje ya kinyongo cha mwaka uliopita ingali imekwama ukuchani! Twashangaa kwa nini sala hazituletei nuru. Tuoshe kwanza.

Na sasa, wasomaji wapenzi, mniwie radhi, kwa kuwa yanipasa kutaja neno ambalo halitajwi mezani, wala si desturi ya gazeti hili kulitaja. Nalitaja kwa sababu ni jina la jiwe, na jiwe hilo ni la bonde la Umba.

Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa bonde hilo walikuwa wakitafuta garneti ya aina moja tu, ile nyekundu yenye kuelekea zambarau, ambayo wanunuzi waliijua na kuilipia. Pamoja nayo zilitokea garneti nyingine, za rangi ya machungwa iliyochanganyika na waridi, nyingine za kahawia nyekundu. Wanunuzi walizitazama, wakaona hazimo katika aina walizozijua, wakazikataa. Hazikuwa za ukoo unaotambulika. Basi, kama wasimuliavyo wafanya biashara ya vito, wachimbaji wakazitupa, na kuzitungia jina la dharau, wakaziita malaya. Yaani jiwe lisilo na kwao.

Miaka ikapita. Wataalamu walipozichunguza waliona kwamba ni garneti halisi, ambamo aina mbili zimechanganyika, ile yenye magnesiamu na ile yenye manganizi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzitafuta. Leo zimewekwa katika pete, chini ya taa, ndani ya makabati ya kioo. Na wauzaji wa London na New York, wasiojua Kiswahili hata salamu, hulitamka neno lile kwa heshima, wakidhani ni jina zuri la Kiafrika.

Mzee mmoja mchimbaji alitusimulia habari hizo tukiwa mtoni. Alitusikiliza tukishangaa, kisha akanyosha kidole kwenye kichuguu cha changarawe kilichoota magugu, akasema, "Nimeyatupa haya kwa karai, Padre. Hapo hapo unapoyaona magugu. Leo wajukuu zangu wanayachekecha magugu hayo hayo." Wala hakuonekana mwenye uchungu. Aliongeza tu, "Jiwe halikubadilika. Sisi ndio tuliokuwa hatujui."

Sisi ndio tuliokuwa hatujui. Lau maneno hayo yangeandikwa juu ya milango ya makanisa yetu!

Tukifungua Maandiko Matakatifu twakuta kwamba Mungu hakuona haya kwenda kwenye kichuguu cha mawe yaliyotupwa. Kitabu cha Yoshua chasimulia jinsi wana wa Israeli walivyovuka Mto Yordani, wakatwaa mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, wakayasimamisha yawe ukumbusho. Lakini kabla ya habari ya mawe hayo, kitabu hicho hicho kimesimulia habari za Rahabu, mwanamke wa Yeriko, ambaye kazi yake ilijulikana na watu wote, na jina lake lilikuwa ndilo jina la jiwe letu. Aliwaficha wapelelezi, akamwamini Mungu wa Israeli. Kuta za Yeriko zikaanguka, mawe yote yale yaliyosifiwa. Naye yule aliyeitwa malaya akasimama. Mtakatifu Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristu hakuliruka jina lake. Limo humo, katika sura ya kwanza, kati ya mababu wa Mwokozi.

Tumkumbuke pia Mtakatifu Maria Magdalena. Kwa karne nyingi Wakristu wa Magharibi walimdhani kuwa ndiye yule mwanamke mwenye dhambi aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi, ingawa Injili haisemi hivyo popote. Injili yasema kwamba Yesu alimtoa pepo saba, kwamba alisimama karibu na Msalaba, na kwamba ndiye aliyetumwa kuwapelekea Mitume habari ya Ufufuko. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai iwe sikukuu, kama za Mitume wenyewe. Naye hakubadilika. Sisi ndio tuliokuwa hatujui.

Na sasa twafika mahali ambapo mikono yote miwili ilionekana katika saa moja. Ni habari ya sura ya nane ya Injili ya Yohane, ambayo Mama Kanisa hutusomea Dominika ya tano ya Kwaresima katika Mwaka C. Waandishi na Mafarisayo walimleta mwanamke aliyefumaniwa, wakamsimamisha katikati. Mwanamume hakuletwa, ijapokuwa Torati iliwahukumu wote wawili. Wala hapana aliyeuliza yuko wapi. Mikono ilikuwa tayari. Ndipo Yesu akainama.

Tuangalie vema, ndugu zangu. Bwana naye aliinama, kama ainamavyo mtu aokotaye jiwe. Lakini mkono wake haukushika jiwe. Uligusa vumbi, ukaandika. Kisha akainuka, akawaambia kwamba asiye na dhambi na awe wa kwanza kurusha, akainama tena. Wakaondoka mmoja mmoja, wakitangulia wazee. Akabaki Yeye peke yake, aliyekuwa na haki ya kurusha, naye hakurusha. Wala hakumwambia mwanamke yule kwamba dhambi si kitu. Alimwambia aende, asitende dhambi tena. Kwa neno moja alimwinua kutoka mavumbini, na kwa neno la pili akamtia katika kazi ya kung'arishwa. Huo ndio mkono uokotao ili utengeneze.

Nisingeandika haya yote kama mimi mwenyewe nisingekuwa na deni.

Katika parokia moja niliyotumikia palikuwa na msichana mwimbaji wa kwaya. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Alipojifungua alikaa nyumbani miezi mitatu, kisha Dominika moja akaja Misani, amembeba mtoto mgongoni. Hakwenda kwenye kwaya. Aliketi katika benchi la nyuma, upande wa wanawake. Akina mama waliokuwa wameketi pale wakasogea. Wakasogea tena. Halafu wakainuka mmoja baada ya mwingine, wakahamia benchi la mbele. Hapana aliyesema neno. Benchi lile la watu wanane likabaki na watu wawili, na mmoja wao umri wake miezi mitatu. Mimi nilikuwa altareni, nikaona yote. Injili ya siku hiyo ilihusu mambo mengine, nami nikahubiri juu ya hayo mambo mengine.

Dominika iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Wiki ya nne nilikwenda nyumbani kwao pamoja na katekista. Mama yake alitukaribisha, akatupa viti, akatuletea maji ya kunywa. Nikasema, "Mama, tumekuja kumjulia hali binti." Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Ahsante, Padre. Amekwenda mjini kutafuta kazi. Mngalikuja wiki tatu zilizopita angalifurahi." Hakusema kwa hasira. Ingalikuwa hasira, ningalijitetea.

Mtoto alibatizwa Pasaka iliyofuata, akiwa mikononi mwa bibi yake. Mama yake sikumwona tena.

Hapana aliyemrushia jiwe, wasomaji wapenzi. Sisi ni watu wastaarabu; siku hizi hatupigi mtu kwa mawe. Twasogea tu. Twanyamaza. Twabadilisha njia. Twasema na jirani kwa sauti ya chini, na jirani husema na mwingine, hata jina lile litajwe sokoni kabla mwenyewe hajafika. Benchi lisogezwalo ni jiwe lirushwalo pasipo kishindo, nalo halikosi shabaha. Na padre aonaye akanyamaza ni sawa na yule kijana Sauli, aliyezilinda nguo za waliompiga Stefano kwa mawe. Mikono yake ilikuwa mitupu, lakini alikuwa pamoja nao. Mungu ashukuriwe kwamba hata Sauli aliokotwa, akatengenezwa, akawa Paulo.

Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mlango wa shule umefunguliwa. Twauliza: mlango wa kanisa je? Sina maana ya mlango wa mbao, maana huo husukumwa na yeyote. Nasema mlango wa benchi, wa kwaya, wa Jumuiya, wa meza ya jirani. Yafaa binti arudi darasani akute mwalimu anayemwita kwa jina lake, kisha aje kanisani akute watu wanaosogea?

Basi twawasihi kwanza akina mama, na hasa ninyi wa WAWATA. Mnajua kuliko sisi mapadre ni binti gani katika mtaa wenu ambaye haonekani tena. Msimngoje aje. Jiwe halitembei kwenda karakanani. Fundi ndiye aendaye mtoni, tena alfajiri, tena penye matope. Nendeni wawili wawili, mkae naye, mumshike mtoto. Mkirudi naye Dominika, mketini naye, mmoja kulia na mmoja kushoto.

Twawaonya akina baba na vijana wa kiume. Katika Injili ile mwanamume hakuletwa. Katika vijiji vyetu naye haletwi. Yupo, anacheza mpira, anasalimiwa. Kijana, ikiwa mtoto yule ni wako, heshima yako haimo katika kujificha nyuma ya wazee wenye mawe. Simama upande wa binti, uungame, ulee. Nawe mzazi wa kijana, usimfundishe mwanao kwamba ufa ukifunikwa umepona.

Twawakumbusha makatekista, na mapadre ndugu zangu: tusiwahukumu watu wakiwa wakavu. Atujiaye amechoka, ana aibu, ana vumbi la njia ndefu, rangi yake haionekani. Tuanze na maji. Mengine yatafuata kwa wakati wake, wiki baada ya wiki, wala tusitake kazi ya mwezi iishe kwa siku moja.

Na kwako wewe, binti, ikiwa gazeti hili limekufikia mahali ulipo, hatusemi kwamba yaliyotendeka yalikuwa mema. Dhambi ni dhambi, kwako na kwa aliyekuwa nawe, na Sakramenti ya Kitubio inakungoja kama inavyotungoja sisi tuliosogea. Lakini lile jina walilokupa si lako. Lilitungwa na watu waliokuwa hawajui. Usilikubali, usilibebe, usilitumie kama sababu ya kujitupa zaidi. Na ikiwa ulikuwa ukiimba katika kwaya ya parokia moja, na ukaondoka kwenda mjini, basi mwandishi wa maneno haya anakuomba msamaha hapa, mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa alinyamaza mbele ya wote.

Katika kitabu cha Ufunuo, sura ya pili, Bwana amwahidi yeye ashindaye kwamba atampa jiwe jeupe, na juu yake limeandikwa jina jipya, ambalo hapana alijuaye ila yeye alipokeaye. Mpaka siku ile hatujui majina ya kweli ya jirani zetu. Tunayoyajua ni yale tu tuliyowapa. Mikono yetu na isubiri. Dominika ijayo, akiingia mtu na kuketi katika benchi lako, usisogee. Au ukisogea, sogea karibu naye.